Namba ya Nyuma ya Mlango

Binti wa Rosaria alifika kwangu Rahaleo asubuhi, vumbi la njia ya mtoni bado limemganda miguuni, na kabla hajakaa alinishika mikono yote miwili. "Mama mdogo," akasema, "mama ametutoka. Tumeshamzika." Nikampa kiti, nikamtilia chai, nikasogeza sahani ya mihogo ya kuchemsha, nikamuuliza habari za Ruvuma, kama umejaa au umepungua. Mdomo wangu ulikuwa unafanya kazi zake za kila siku kana kwamba haujaambiwa kitu. Ndipo akasema kwamba mama yake, alipokuwa hawezi tena kuinua kichwa, alimpa agizo ambalo yeye hakulielewa. "Alisema nikifika nikutajie elfu moja na kumi na tatu. Akasema, Somoe anayo nyingine." Kikombe kikanishinda. Nilikiweka chini, na tangu hapo hakuna kilichopita kooni mwangu, si chai, si muhogo. Mimi ni bibi wa wajukuu sasa, yule ambaye majirani humwita kwenye shughuli zao ili watu wacheke. Lakini asubuhi ile nilirudi kuwa msichana aliyekaa sakafuni chumbani kwa Mama Anselmo, kipande cha mkaa mkononi, anaiogopa namba.

Mwaka ule vita vya ng'ambo ya Ruvuma, huko Msumbiji, vilikuwa vimekolea. Sisi wa Mtwara mjini tuliviona kwa watu. Rahaleo ilikuwa haishi kupata sura ngeni, familia zilizofika na mkeka, sufuria na mtoto mgongoni, zikiuliza nani anapangisha. Mama Anselmo na wanawe wawili, Anselmo na Rosaria, walipanga chumba kimoja uani kwa Bi Mwanahawa, jirani yetu. Ndani mlikuwa na kitanda cha kamba, picha ya Bikira Maria yenye kioo kilichopasuka, jiwe la kubangulia korosho, na mlango wa mbao pana ambao hakuna aliyewahi kuupaka rangi. Humo ndimo nilimoshinda. Nilikuwa nimeishia darasa la nne, na sikuhuzunika hata kidogo, maana kichwani nilikuwa na nyumba yangu Shangani, yenye baraza linalotazama bahari na mapazia ya njano, na mume ndani yake. Mume mwenyewe alikuwa Anselmo. Yeye hakuwa amejulishwa. Kwamba yeye alikuwa Mkatoliki na mimi Mwislamu, mtoto wa chuoni, hilo nililiachia kesho.

Anselmo alikuwa amefundisha shule ya misheni kwao kabla ya kukimbia. Mtwara alibeba magunia bandarini, na jioni, akiwa bado na alama ya gunia shingoni, alikaa nasi wakati mimi na Rosaria tunabangua korosho, mikono tumeipaka majivu ili mafuta ya maganda yasituchune. Hakuweza kuona korosho zimelala ovyo. Atazipanga. "Kumi na mbili hizi," anasema, "mistari mitatu, nne nne. Haya, ongeza moja. Panga." Rosaria anapanga, inabaki moja. Anapanga tena, inabaki moja. "Itabaki mpaka uchoke, dada. Kumi na tatu haivunjiki, ila kwa moja na kwa yenyewe. Vitabuni wanaiita namba tasa." Mama yake, aliyekuwa nje anachochea moto, akapaza sauti: "Mnamtukana nani humo ndani?" Tulicheka mpaka majivu yakatuingia machoni. Ukitaka kujua namba kubwa inavunjika, alitufundisha, hujaribu zote. Tatu ikishindwa, basi sita na tisa hazina la kufanya. Unajaribu zile ngumu tu, moja baada ya moja, mpaka ufike kwenye ile ambayo ukiizidisha kwa yenyewe inaipita namba yako. Ukifika hapo haijavunjika, haitavunjika kamwe. Mimi nilikuwa natazama vidole vyake zaidi ya korosho, lakini hata hivyo yaliingia.

Aliondoka mvua zikiwa zinanyesha. Hakuna aliyeuliza anakwenda wapi, vijana wa rika lake wote walikuwa wanakwenda huko huko vitani. Rosaria alikuwa amesimama mlangoni analia bila sauti, mama yake anamfunga mwanawe rozari mkononi, mimi nimejifanya nimekuja kuazima chungio. Anselmo akaokota mkaa jikoni, akaufunga mlango kwa ndani, na nyuma yake akaandika kwa tarakimu kubwa: 1,022,117. "Msinisubiri kama kuku wanaosubiri pumba," akasema. "Fanyeni kazi. Ivunjeni hii."

"Na tukiivunja?" nikauliza.

"Kila mtu nitamletea kitenge chake."

"Na isipovunjika?"

Akanitazama, akatabasamu kidogo. "Somoe, wewe jaribu tu." Alipofungua mlango namba ikageukia ukutani, naye akatoka na mvua yake.

Mama Anselmo alisali rozari, na pia alimimina unga. Kwao, mtu wa nyumbani akiwa safarini, mama huchukua unga wa mtama, anawataja wazee waliotangulia, na kuumimina taratibu kwa vidole mpaka usimame kama kichuguu kidogo kilichochongoka. Anaufunika kwa chungu. Asubuhi anafunua. Ukiwa umesimama, msafiri amesimama. Miezi ile ya mwanzo unga ulisimama kila alipoumimina, naye akawa anaimba wakati wa kupika. Kisha, mvua zikiwa zinaelekea kukatika, alifunua chungu kule chini ya upenu akakuta unga umelala, umetandazika kama mtu aliyeupitishia kiganja. Rosaria alisema ni unyevu wa bahari. Bi Mwanahawa, mwenye nyumba, alisimama na upawa wake akasema, "Unga wa duka, nusu wadudu, mlitaka ufanye nini, ucheze ngoma?" Alisema hivyo kwa huruma, ndivyo alivyokuwa. Lakini Mama Anselmo alikwisha kuingia ndani. Alilala ameelekea ukutani, na chakula tulichompelekea tulikikuta vile vile, kimeota ngozi.

Nikikumbuka sasa, naona kwamba hakuwa ameamua kufa. Alikuwa hajui ale kwa ajili gani. Mtu ambaye mwanawe yu hai hula ili aje amwone, na mwenye kufiwa hula baada ya kuzika, lakini yeye alikuwa katikati ambako hakuna mlo. Wakati ule sikuyajua hayo. Niliona mikono yake tu. Ilikuwa mikono minene ya mwanamke wa jembe, na mbele ya macho yangu ikawa inakonda mpaka pete ya ndoa ikamtoka, ikabidi Rosaria aifunge kwa uzi kwenye nguo yake. Nesi wa zahanati alikuja akasema ale. Padri akaja akasema ale. Kwenye bomba la maji nilisikia wanawake wakinong'onezana nani atashona sanda na kama Wakristo huoshwa. Nilitupa ndoo yangu chini nikarudi mbio, na njiani, mimi na ndoto zangu, nikapata wazo.

"Mama," nilimwambia, nimepiga magoti kando ya kitanda, "unga ulimimina wewe. Kuna kitu alikimimina yeye mwenyewe." Nikaufunga mlango. Akageuza shingo, kwa mara ya kwanza tangu unga uanguke, akaitazama ile namba. "Hii nayo inasimama au inaanguka," nikasema. "Tunaisukuma. Ikisukumwa isianguke, unakula." Rosaria alinikodolea macho. Mama yake akaendelea kuitazama namba, kisha akasema, "Sukumeni." Tukaanza na mbili. Ikabaki moja, namba ikasimama. Rosaria akaleta uji wa mtama kwenye bakuli la bati, na Mama Anselmo akanywa wote, akijikaza kama anayemeza dawa. Mimi nilikwenda uani nikaruka ruka kama mwendawazimu.

Hivyo ndivyo tulivyoishi toka mvua kukatika hadi korosho kuanza kuanguka: namba moja, bakuli moja. Tulichekecha namba hadi elfu moja kama alivyotufundisha, tukizifuta zinazovunjika, na zilizobaki tukaziandika kwa mkaa ukutani nyuma ya kitanda. Kila siku mchana tulifuta mlango kwa kitambaa kibichi, tukiacha ile namba yake juu, na chini yake tukagawanya. Mama Anselmo hakujua hesabu, lakini alijua kusikiliza. "Hii ni mpya?" aliuliza kila mara. "Mpya, mama." "Hamjanirudishia ya jana?" Rosaria hakuweza kumdanganya, na mimi nikamwonea aibu Rosaria, basi hatukurudia hata moja. Ndipo tukafika hamsini na tisa. Kila tarakimu ilikuwa inakaa sawasawa, sawasawa, mpaka mwisho kabisa. "Imebaki ngapi?" akauliza kutoka kitandani. Rosaria akajibu kwa sauti ndogo, "Moja." Tulidhani ataogopa kwa jinsi ilivyokaribia. Badala yake alijiinua kwa kiwiko. "Moja? Basi huyo moja ni yeye. Kila kitu kimegawanywa huko, yeye kabaki." Siku ile aliomba na dagaa. Na tangu siku ile, hakuuliza tena kama imesimama. Aliuliza imebaki ngapi.

Watu hudhani kukata tamaa ni kulia. Kwetu kulikuwa ni kuchekacheka na kuhesabu zilizobaki ukutani. Maana zilikuwa zinaisha. Tulipovuka mia mbili nilisema bado nyingi, na tulipovuka mia tano nikasema bado, lakini Rosaria alikuwa ameacha kunijibu. Hakuna mtu aliyevuka mto na habari. Walikuja wengine, wenye majeraha, wenye majina ya vijana wengine, na kila alipofika mmoja Rosaria alikimbia kumuuliza, na kila mmoja alitikisa kichwa. Zilipobaki chache mkono wangu ukawa mzito kuandika. Nilitamani zipatikane namba ngumu zaidi, nyingi, zisizo na mwisho, mama wa watu aendelee kunywa uji wake. Nilijaribu kuota mapazia yangu ya njano, nikayaona, lakini nyuma yake sikuona mtu.

Siku ya namba mia tisa tisini na saba tuliigawanya kwa uangalifu kama tunaochambua mchele gizani. Ilibaki mia moja tisini na mbili. Nikarusha mkaa juu. "Tumemaliza! Mama, tumefika elfu, imesimama! Haitaanguka tena!" Nikamkumbatia Mama Anselmo na mifupa yake yote, naye akacheka, nakumbuka pengo lake la pembeni ambalo nilikuwa nimelisahau. Bi Mwanahawa akachungulia. "Mmeokota lulu?" "Tumemaliza, Bi Mwanahawa!" Akapiga kigelegele bila kujua ni cha nini. Ni Rosaria peke yake aliyebaki amesimama mbele ya mlango. Nikamfuata. Alinong'ona bila kugeuka.

"Somoe. Elfu mara elfu ni milioni."

"Ndiyo. Si ndiyo hiyo?"

"Hii ni milioni na zaidi. Elfu ishirini na mbili zaidi. Hatujaipita."

Nilimshika mkono. "Nyamaza."

"Kuna chache mbele. Elfu moja na moja inavunjika kwa saba. Elfu moja na tatu, kwa kumi na saba. Elfu moja na saba, kwa kumi na tisa." Alikuwa amekwisha kuzichekecha kichwani. "Ni elfu moja na tisa tu. Hiyo tu, Somoe, kisha kweli tumemaliza."

"Nakuomba. Amecheka. Umemwona amecheka?"

"Mnanong'ona nini?" Mama Anselmo akasema kutoka kitandani. Rosaria alimwita kwa matamshi ya kwao. "Losalia. Imebaki moja, siyo? Nyie mkinong'ona hivyo imebaki moja ya kusukuma. Sukumeni, mwanangu. Siwezi kulala na moja."

Rosaria aliandika, mimi nikasema kwa sauti, kwa sababu ndivyo tulivyozoea, na sauti yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine. Elfu moja ishirini na mbili, inaingia mara moja, inabaki kumi na tatu. Shusha moja. Mia moja thelathini na moja, haiingii, andika sifuri. Shusha moja nyingine. Elfu moja mia tatu na kumi na moja, mara moja, inabaki mia tatu na mbili. Shusha saba. Elfu tatu ishirini na saba. Rosaria akaandika tatu. Akazidisha, akaweka chini yake elfu tatu ishirini na saba, na mkono wake ukabaki pale pale umegusa mbao.

"Imebaki ngapi?"

Kuku wa Bi Mwanahawa walikuwa wanaparura uani.

"Losalia, nimeuliza, imebaki ngapi?"

"Haikubaki kitu, mama."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Mama Anselmo akalala chali, akatazama makuti. Mimi nikaanza kusema ovyo ovyo. Kwamba tumekosea, kwamba mkaa ulikuwa na unyevu, kwamba tuanze upya. Kisha nikaona juu ya mstari lile jibu, elfu moja na kumi na tatu, nikalishikilia kama mtu anayezama. "Lakini hazikutawanyika, mama! Unga ulitawanyika. Hii imetoka mbili, zimesimama. Elfu moja na tisa na elfu moja na kumi na tatu. Jirani na jirani!"

"Na hizo zinavunjika?" akauliza, bila kututazama.

Ilikuwa kazi fupi, tuliifanya mimi na Rosaria tukigongana viwiko mlangoni. "Hazivunjiki," Rosaria akasema. "Zote mbili. Kwa kitu chochote."

Mama Anselmo akageuka, akatutazama sote wawili. Halafu akasema polepole, kwa Kiswahili chake cha kujifunzia ukubwani, kila neno likiwekwa mahali pake: "Anselmo alijua. Siku ile anaandika hapo, alijua. Alichukua mbili, akazifunga zikawa moja, akaenda. Hizo mbili ni nani hapa ndani, kama si nyinyi?" Akajiinua, akashusha miguu chini mwenyewe. "Mwanangu hayupo. Leteni uji."

"Kwa namba gani, mama?" nikauliza kama mjinga.

"Bila namba. Siku zote hizi nilikuwa nakula namba. Leo nataka chakula." Akanywa, machozi yakimdondokea ndani ya bakuli, naye akinywa pamoja nayo. Alipomaliza akainua sauti akamlilia mwanawe, kilio kikubwa, cha wazi, ambacho mtaa mzima ulikisikia.

Wakakaa matanga. Watu walinung'unika. Hakuna mwili, hakuna mjumbe, hakuna aliyemwona ameanguka. "Tangu lini mtu akazikwa kwa hesabu za mlangoni?" Bi Mwanahawa alifoka, kisha akaleta pishi ya mchele na mkeka wake mzuri, akalia kuliko wafiwa. Mimi peke yangu sikulia. Nilijiambia atarudi, atatukuta tumekaa na mikeka yetu, atatucheka, na mimi ndiye nitakayeweza kumwambia, nilikuwa najua. Sikumzika. Msumbiji ikapata uhuru, malori yakajaa watu wanaorudi kwao wakiimba, wengine wakapita kwetu kuaga, na hakuna hata mmoja aliyejua Anselmo aliishia wapi. Mpaka leo hakuna aliyekuja kuniambia. Mama Anselmo na Rosaria walirudi nao. Siku ya kuondoka, Bi Mwanahawa alitaka mlango wake uoshwe kwa mpangaji mpya, na Rosaria alipokuwa anausugua akasema, "Chukua ya kwanza, mimi nachukua ya pili. Tutazizidisha tena, siku moja." Baada ya hapo tulionana mara chache, kwenye harusi na misiba, hapa au ng'ambo, tukiwa wanene, tukiwa wajane. Kila mara mmoja wetu aliuliza, "Tuzidishe?" na mwingine akajibu, "Bado." Nilidhani ni mimi niliyekuwa namngoja Anselmo. Sasa nafikiri Rosaria alikuwa ananingoja mimi.

Mama yake aliishi miaka mingi, akalima, akashika wajukuu. Huyu binti aliyekaa mbele yangu ni mmoja wao, ana vidole virefu vya mjomba wake. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka, chai imepoa, yeye ameacha kunisihi nile. Nikainuka, nikaokota mkaa jikoni, nikaufunga mlango wangu kwa ndani. Nikaandika elfu moja na kumi na tatu. Chini yake, ile yangu, elfu moja na tisa. Tisa mara tatu ishirini na saba, andika saba, weka mbili. Niliendelea mpaka mwisho nikajumlisha, na tarakimu zikajipanga moja moja kama zilivyokuwa siku ile ya mvua. Nikakaa chini sakafuni nikalia kwa sauti, na nilikuwa nawalilia wawili.

"Hiyo ni nini, mama mdogo?" binti akauliza, amenishika mabega.

"Ni mjomba wako," nikasema. "Mama yako alikuwa na nusu." Nikajifuta kwa ncha ya kanga. "Ile mihogo bado ipo? Ilete, mwanangu."